Mwanga Unaoficha: Taa za Magari na Usalama wa Wapita Njia Usiku

Katika Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze giza haliji taratibu. Kwa kuwa Mkoa wa Pwani hauko mbali na ikweta, jua likishazama haipiti nusu saa kabla ya usiku kutanda kabisa. Katika muda huo mfupi ndipo barabara zinapokuwa na shughuli nyingi. Wafugaji wanahimiza ng'ombe kuelekea zizini, wauza mananasi wa Kiwangwa wanakusanya mali yao, vijana wanatoka viwanjani, na malori ya kokoto yanaondoka Lugoba yakiwa yameshiba mzigo. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro inapita Vigwaza, Bwilingu na Ubenazomozi. Ile ya kwenda Segera inaanzia Chalinze na kupita Lugoba, Msata na Mbwewe, na ile inayotoka Bagamoyo huungana nayo hapo Msata. Kwa wasafiri, hizo ni njia za kupita tu. Kwa wakazi, ndizo njia za kwendea kisimani, dukani, shuleni na zahanati.

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu miaka mingi. Hatua hiyo iliwafaa wafanyabiashara na abiria, lakini pia imeongeza idadi ya watu ambao maisha yao yanategemea kitu kimoja kisichozungumzwa sana, yaani taa za mbele za gari: zinamulika wapi, na zinampofusha nani.

Mtu wa tatu

Malalamiko kuhusu taa kali huzungumzwa kana kwamba ni ugomvi wa watu wawili, dereva anayewasha na dereva anayepigwa machoni. Mtazamo huo unamsahau mtu wa tatu, na huyo ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote.

Uchukuliwe mfano wa jambo linaloweza kutokea jioni yoyote. Ni saa 1:30 usiku, kati ya Lugoba na Msata. Lori linatoka upande wa Segera na gari dogo linatoka Chalinze. Kando ya lami, upande wa gari dogo, mama amebeba ndoo kichwani, amejitanda khanga ya rangi nzito, anarudi nyumbani. Taa za lori ni kali na zimeinuka. Dereva wa gari dogo anakunja uso, anashika usukani kwa nguvu na kuendelea, akiamini kwamba barabara aliyoiona sekunde mbili zilizopita bado iko vilevile. Dereva wa lori huenda akamwona mama yule, lakini si yeye atakayempita kwa karibu. Atakayempita kwa karibu hamwoni.

Mama mwenyewe hajui hayo. Amezungukwa na mwanga, anaona kila jani la kandokando na kila jiwe mbele ya miguu yake, na kwa sababu hiyo anaamini kuwa anaonekana. Hapo ndipo hatari ilipo: mwanga uleule unaomfanya ajione yuko salama ndio unaomficha kwa dereva anayemkaribia. Hali huwa mbaya zaidi kwa mtu anayevuka na kufika katikati ya barabara wakati magari mawili yanapopishana, kwa kuwa mng'ao wa taa za pande zote mbili unaweza kummeza kabisa.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na nini kinaweza kufanywa na dereva, mwenye gari, mpita njia na kijiji. Sehemu kubwa ya hatua hizo haihitaji fedha nyingi.

Kinachotokea ndani ya jicho

Jicho la binadamu hufanya kazi kwa kujirekebisha. Gizani mboni hutanuka ili kupokea mwanga mwingi zaidi, na chembe hai za nyuma ya jicho huongeza wepesi wao wa kuhisi mwanga. Kazi hiyo ya pili huenda polepole, na jicho huweza kuchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu. Mwanga mkali ukiingia ghafla, mboni husinyaa kwa muda usiofika hata sekunde moja au karibu na hapo. Mwanga ukiondoka, jicho halirudi lilipokuwa kwa kasi ileile, bali huhitaji sekunde kadhaa kabla ya kuona tena vitu hafifu.

Kuna jambo la pili. Mwanga unaoingia jichoni hauendi wote mahali pamoja. Sehemu yake hutawanyika ndani ya jicho na kutanda kama ukungu mbele ya kila kitu kingine. Kitu cheupe chenye mwanga wake huweza kupenya ukungu huo. Khanga ya rangi nzito, baiskeli isiyo na kiakisi au ng'ombe mweusi haviwezi.

Utawanyikaji huo huongezeka kadiri umri unavyosonga, kwa sababu lenzi ya jicho hupoteza uangavu wake. Mtu mwenye mtoto wa jicho huathirika zaidi. Dereva anayeona taa za usiku zikiwa na duara la miale kuzizunguka, au anayeona kwamba taa za wenzake zimekuwa "kali mno" mwaka huu kuliko mwaka jana, asiharakishe kulaumu magari. Ni vyema apimwe macho kwanza. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji.

Uelekeo kwanza, ukali baadaye

Taa ya mbele ya gari ina kazi mbili. Ya kwanza ni mwanga wa juu, ambao madereva huuita fulu, unaomulika mbele moja kwa moja hadi mita 100 na zaidi. Ya pili ni mwanga wa chini, uitwao pia dimu, ulioelekezwa ardhini ili umulike njia bila kufika kwenye macho ya anayekuja. Mwanga wa chini uliorekebishwa vizuri una ukingo wa juu unaoonekana wazi: chini ya ukingo huo ni mwanga, juu yake ni giza. Macho ya dereva wa upande wa pili yanapaswa kubaki katika lile giza la juu.

Kwa hiyo taa inaweza kuwa na nguvu na isimsumbue mtu, na taa ya kawaida inaweza kupofusha ikiwa imeinuka kidogo tu. Hesabu inaonyesha hivyo. Taa iliyo kimo cha sentimita 70 kutoka ardhini, ikiinuka kwa nyuzi 1 tu kupita mahali pake sahihi, ukingo wake utakuwa kimo cha takribani sentimita 115 ukifika umbali wa mita 60. Hicho ndicho kimo cha macho ya mtu aliyeketi ndani ya gari dogo.

Sababu za taa kwenda mahali pasipofaa ni hizi.

Ya kwanza ni mkono wa dereva. Amesahau kushusha mwanga, amechelewa, au ameamua kutoshusha kwa sababu mwenzake naye hakushusha. Sababu hii haina gharama kuiondoa, na bado ndiyo inayolalamikiwa zaidi.

Ya pili ni mzigo. Gari likipakiwa nyuma, mkia hushuka na pua huinuka. Katika gari dogo la kawaida, sehemu ya nyuma ikishuka sentimita 5 tu kuliko ya mbele, taa huinuka kwa karibu nyuzi 1, kiasi kilekile cha mfano uliotangulia. Magari mengi yana kitufe cha duara karibu na usukani chenye namba 0 hadi 3. Kazi yake ni kushusha taa mzigo unapoongezeka, ingawa wapo madereva wanaomiliki gari kwa miaka bila kukigusa.

Ya tatu ni balbu isiyolingana na taa. Taa nyingi za magari yaliyotumika yanayoingia nchini ziliundwa kwa balbu za halojeni, ambazo mara nyingi huwa na nguvu ya wati 55 kwa mwanga wa chini na wati 60 kwa mwanga wa juu. Ndani ya balbu hiyo kuna waya mwembamba unaowaka, na bakuli la kuakisi lilipimwa kufuatana na mahali hasa waya huo ulipo. Fundi akitoa balbu hiyo na kuweka ya zenoni au ya LED iliyonunuliwa kwa sababu "inang'aa zaidi", chanzo cha mwanga hubadilika umbo na mahali. Bakuli haliwezi tena kuupanga mwanga, na mwanga hutawanyika juu, chini na pembeni. Mwenye gari huona weupe mwingi karibu na pua ya gari lake na kudhani amefaidika, kumbe umbali anaoona huenda umepungua na anayekuja mbele yake amepofushwa. Hilo halina maana kwamba taa zote za LED ni mbaya. Gari lililotoka kiwandani na taa hizo lina bakuli na lenzi vilivyoundwa kwa ajili yake.

Ya nne ni upande wa barabara. Tanzania huendesha kushoto. Taa zilizotengenezwa kwa nchi kama hii huinua sehemu ya mwanga wa chini upande wa kushoto, ili kumulika ukingo wa barabara na wanaotembea hapo, na kuuweka mwanga wa kulia chini ili usimpige anayekuja. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha kulia, na magari yao mengi ya mizigo hupita Chalinze kwenda na kutoka bandari ya Dar es Salaam. Gari lenye taa zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia huinua mwanga upande wa kulia. Likiwa Tanzania, mwanga huo unaelekea moja kwa moja kwa dereva anayekuja, hata kama dereva wake ameshusha taa kwa nia njema. Ni hivyo pia kwa magari madogo yaliyonunuliwa kutoka masoko hayo. Baadhi ya taa zina kishikizo cha kubadili upande. Nyingine huhitaji kuzibwa sehemu maalumu ya kioo au kubadilishwa kabisa.

Ya tano ni uchafu. Vumbi na matope juu ya kioo cha taa hupunguza mwanga unaofika mbali na kuutawanya ule uliobaki. Vioo vya taa vya plastiki hugeuka manjano kwa kupigwa na jua, na jua la Pwani halina huruma. Kioo cha mbele cha gari kilichochubuka au chenye utando wa vumbi kwa ndani hufanya jambo hilohilo kwa upande wa anayeangalia. Mara nyingine taa inayoonekana kali ni taa ya kawaida inayotazamwa kupitia kioo kichafu.

Hesabu ya mita

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde. Dereva aliyepofushwa kwa sekunde 3 amesafiri mita 66 bila kuona, karibu theluthi mbili ya urefu wa kiwanja cha mpira.

Hesabu ya kusimama nayo ni muhimu. Dereva aliye macho huhitaji takribani sekunde 1.5 kutambua hatari na kukanyaga breki. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, muda huo pekee hula mita 33. Breki nzuri katika lami kavu huongeza takribani mita 35. Jumla ni karibu mita 68, na kwa lori lililopakia ni zaidi. Mwanga wa chini huonyesha vizuri takribani mita 40 za mbele. Maana yake ni kwamba dereva anayekwenda kasi hiyo kwa mwanga wa chini, akimwona mtu aliyevaa nguo nyeusi mbele yake, amekwisha kuchelewa.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hesabu hubadilika. Kutambua hatari huchukua mita 21 na breki huchukua takribani mita 14, jumla mita 35. Gari linasimama ndani ya umbali ambao taa inaonyesha. Hii ni mojawapo ya sababu zinazoipa maana kubwa zaidi usiku ile kasi ya kilomita 50 kwa saa iliyowekwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 katika maeneo ya makazi. Dereva anayeona kibao hicho Lugoba au Msata saa 3 usiku, na barabara ikaonekana tupu, akumbuke kwamba barabara huonekana tupu pia kwa mtu asiyeona.

Kipimo cha ukutani

Mwenye gari anaweza kupima taa zake mwenyewe kwa dakika chache. Anachohitaji ni ukuta, ardhi tambarare, futi ya kupimia na chaki.

Kwanza, ajaze upepo wa kutosha kwenye matairi, apakie gari kama anavyopakia siku za kawaida, na asafishe vioo vya taa. Pili, asogeze gari karibu kabisa na ukuta na kuweka alama mbili za chaki zinazolingana na katikati ya kila taa. Tatu, arudishe gari nyuma moja kwa moja hadi taa ziwe mita 5 kutoka ukutani. Nne, awashe mwanga wa chini na kuangalia ukingo wake wa juu.

Katika gari dogo la kawaida, ukingo huo unapaswa kuwa takribani sentimita 5 chini ya alama za chaki, yaani kushuka kwa sentimita 1 kila mita 1. Kwa gari lenye taa za nchi za kuendesha kushoto, ukingo utapanda kidogo upande wa kushoto, na hilo ni sahihi. Ukipanda upande wa kulia, taa hizo si za barabara za Tanzania. Ukingo ukiwa sawa na alama au juu yake, taa zimeinuka. Usipoonekana ukingo wowote bali wingu la mwanga lililotapakaa, balbu imewekwa vibaya au hailingani na taa.

Nyuma ya taa nyingi kuna skrubu za kurekebishia, na fundi mwenye uzoefu huzizungusha kwa muda mfupi. Kipimo cha ukutani hakichukui nafasi ya ukaguzi rasmi wa gari, lakini humjulisha mwenye gari kama anahitaji fundi.

Dereva akipigwa na mwanga

Jambo la kwanza ni kupunguza mwendo, kabla ya jingine lolote. Asisubiri mpaka asione kabisa. Jambo la pili ni kuhamisha macho kutoka kwenye taa zinazokuja na kuyaelekeza kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, kwa kuufuata mstari mweupe pale ulipo. Kufanya hivyo kunayaokoa macho, na pia kunayapeleka mahali ambapo mtu wa tatu huwa anatembea. Jambo la tatu ni kutoongeza kasi mara gari la mbele linapopita. Hapo ndipo jicho bado halijarudi, na ndipo giza lililo nyuma ya lile gari linapoweza kuwa na mtu ndani yake.

Kulipiza kisasi kwa kuwasha mwanga wa juu hakumfundishi mtu adabu. Kunafanya barabara moja iwe na madereva wawili wasioona, huku magari yao yakikaribiana. Kila moja likiwa na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, yakiwa mita 200 kati yao yatakutana baada ya sekunde 4.5 tu. Kuashiria mara moja kwa muda mfupi kunatosha kumkumbusha aliyesahau. Asiposikia, wa kupunguza mwendo ni yule anayejua hatari.

Kushusha taa kunahusu pia gari linalofuata jingine kwa nyuma, kwa sababu mwanga wa juu humfikia dereva wa mbele kupitia vioo vyake vya pembeni na cha ndani. Aidha, wapo madereva wa malori wenye desturi ya kuwasha indiketa ya kulia wanapopishana usiku ili kuonyesha mwisho wa upana wa gari lao. Nia ni njema, lakini asiyeijua desturi hiyo huweza kudhani lori linakata kona. Indiketa ikibaki kwa kazi yake, kila mtu ataielewa.

Gari lenye taa moja inayowaka, ambalo mitaani huitwa chongo, linastahili kutajwa peke yake. Kwa anayekuja mbele yake, linafanana na bodaboda. Dereva huliachia nafasi ya pikipiki, akakuta gari zima. Taa iliyokufa ibadilishwe kabla ya safari inayofuata.

Wanaotembea, baiskeli na bodaboda

Mpita njia asikubali kudanganywa na mwanga unaomzunguka. Kanuni iliyo salama zaidi ni kudhani kuwa haonekani, mpaka aone gari limepunguza mwendo. Pasipokuwa na njia ya watembea kwa miguu, atembee upande wa kulia wa barabara ili magari yaliyo karibu naye yaje mbele ya uso wake na siyo mgongoni. Magari mawili yanapokaribia kupishana, asivuke. Asubiri yote mawili yapite, ahesabu sekunde chache, kisha avuke.

Nguo nyeupe husaidia, lakini kiakisi mwanga husaidia zaidi. Nguo nyeupe hutawanya mwanga pande zote, ilhali kiakisi huurudisha mwanga kuelekea kulekule ulikotoka, yaani kwa dereva. Ndiyo sababu ukanda mwembamba wa kuakisi huweza kung'aa machoni pa dereva tangu mbali, hata kabla hajatambua umbo la aliyeuvaa. Ukanda huo ukishonwa kwenye begi la mwanafunzi, au ukafungwa kwenye kifundo cha mguu, hufanya kazi vizuri, kwa kuwa mguu unaosogea humwambia dereva kwamba anachokiona ni mtu. Tochi ya simu nayo ni bora kuliko giza, mradi imulikwe chini na siyo usoni kwa madereva.

Baiskeli inahitaji taa nyeupe mbele na kiakisi chekundu nyuma, na vilevile viakisi kwenye pedali. Mwenye kubeba magunia ya mkaa au madumu ya maji akumbuke kuwa mzigo hufunika kiakisi cha nyuma. Kiakisi kihamishiwe kwenye mzigo wenyewe.

Kwa waendesha bodaboda, mambo ni mawili. Baadhi yao huzima taa ili kutunza betri, jambo linaloondoa alama pekee inayowaonyesha kwa magari makubwa. Wengine hufunga taa za ziada za LED zenye kumetameta au zilizoelekezwa juu. Taa hizo huvutia macho, lakini humnyima anayekuja uwezo wa kukadiria umbali na upande. Taa moja ya mbele iliyorekebishwa, taa nyekundu ya nyuma inayowaka, na kizibao cha kuakisi kwa dereva humtosha, na abiria akivaa chake ni bora zaidi.

Mifugo na magari yaliyoharibika

Ng'ombe anayevuka usiku ni hatari ya pekee, kwa kuwa mwili wake huwa juu ya ukingo wa mwanga wa chini na miguu yake ni myembamba. Mifugo ivushwe kabla ya giza. Ikilazimika kuvushwa jioni, atangulie mtu mwenye tochi na afuate mwingine nyuma ya kundi, wote wakiwa wamevaa viakisi. Kijiji ambacho jambo hili linakisumbua kinaweza kuliweka katika ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, na Halmashauri ya Kijiji ina mamlaka ya kupendekeza sheria ndogo kuhusu njia na muda wa kupitisha mifugo.

Lori lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa ni ukuta usioonekana. Matawi ya miti yanayowekwa nyuma yake ni ishara inayofahamika mchana, lakini usiku majani hayaakisi chochote na dereva huyaona akiwa amekwisha kuyafikia. Pembetatu ya kuakisi iwekwe mbali vya kutosha nyuma ya gari, na nyingine mbele. Matawi yaondolewe gari likitengemaa, kwa sababu yakibaki humhatarisha mwenye pikipiki anayefuata.

Taarifa zipelekwe wapi

Kujua mwenye dhamana ya barabara huokoa muda. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya, yaani zile za kuunganisha vijiji na kata, husimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Alama iliyoanguka, mistari iliyofutika, viakisi vilivyong'olewa au taa ya barabarani isiyowaka vitolewe taarifa kupitia Mwenyekiti wa Kijiji au Ofisi ya Mtendaji wa Kata, na mtoa taarifa aeleze mahali hasa kwa kutaja kitongoji, daraja au kona iliyo karibu. Makosa ya madereva na magari yasiyo na taa ni ya Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi, na kwa dharura namba ya simu ni 112.

Hata hivyo, hakuna ofisi inayoweza kushusha taa kwa niaba ya dereva. Kitendo hicho hufanyika kwa kidole kimoja, kwa muda usiofika sekunde moja, na anayekifanya hatajua kamwe alimwokoa nani. Mama mwenye ndoo atafika nyumbani, ataitua, ataanza kupika, na hatajua kwamba kwa sekunde mbili barabarani kati ya Lugoba na Msata kulikuwa na mtu aliyemwona.